Ukoo wa Kuazima

Baba yangu alioa akiwa hana ukoo. Ndugu zake wote walikuwa Kasulu, na yeye alikuwa Korogwe kwenye shamba la mkonge, kijana wa Kiha aliyeletwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyozoa wanaume wa bara na kuwashusha Tanga. Safari yenyewe ilikuwa treni kutoka Kigoma na baadaye lori, kwa kuwa Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa mpaka 1963. Wazee wa Kizigua waliokuwa na mabinti wa kuozesha walimwita mtu wa namna hiyo manamba, na manamba hakupewa mtoto wa mtu. Kabila lilikuwa sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba manamba hakuwa na wa kumkamata. Akimpiga mke, aitwe nani? Akitoroka usiku kurudi kwao, afuatwe nani? Akifa, azikwe na nani?

Basi Baba akaenda kutafuta ukoo. Nyapara mmoja Mnyamwezi, mtu mzima aliyekuwa na mke na watoto palepale kambini, akakubali kuwa baba yake. Mrundi aliyelala naye chumba kimoja akawa kaka mtu. Mama mmoja wa Kidigo, muuza vitumbua karibu na korona, yaani ile mashine ya kukamua mkonge, akawa shangazi. Wakavaa vizuri, wakaenda kuposa. Babu mzaa mama hakuanza na mahari. Alimuuliza kila mmoja kwa zamu yake swali lilelile: huyu mtoto akirudi hapa analia, nikija kwako usiku utanifungulia? Kila mmoja akasema atafungua. Mama alipenda kusimulia kwamba yule shangazi wa vitumbua aliongeza kuwa yeye hatafungua tu, atatoka na mchi. Babu akacheka, na hapo ndipo mazungumzo ya mahari yakaanza.

Sheria ya dini yetu ya Kiislamu inataka mashahidi wawili. Babu alitaka kundi zima la watu wa kuwabana siku ya shida. Nimeishi muda mrefu na sijaona busara ya posa iliyoizidi ile.

Kambi ya mkonge ilipangwa isiwe na ukoo. Mwenye shamba alihitaji mikono ya mwanamume. Mke na watoto walijilisha huko walikobaki. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambayo ilitakiwa ijae ndani ya siku 42, na siku usiyomaliza mafungu yako haikuandikwa. Mtu aliyekaa hivyo mwaka baada ya mwaka alisahau kwao, na kwao wakamsahau. Wanaoandika juu ya mkonge wa Tanga huhesabu tani. Baba alihesabu ndoa zilizokufa. Alizitaja moja moja jioni barazani, fulani wa Biharamulo, fulani wa Njombe, na kila aliyemtaja alimalizia na maneno "hakuna aliyemfuata." Nilipokuja kusoma habari za ukoloni darasani, kodi ya kichwa, kiboko na mengineyo, nilikuwa tayari ninalo shtaka langu dhidi ya ukoloni huo, na lilikuwa hilo.

Mimi nilizaliwa 1955. Nyumbani kwetu Kiha kilisikika Baba alipokuwa na homa, Kizigua kilisikika dada zake Mama walipokuja, na Kiswahili kilikuwa cha siku zote kwa sababu ndicho pekee tulichoweza kukitumia sote pamoja na babu yetu Mnyamwezi na shangazi yetu Mdigo. Nilikuwa mkubwa kiasi ndipo nikaambiwa kwamba hao hawakuwa ndugu wa damu. Habari hiyo haikunishtua. Yule babu ndiye aliyenipeleka hospitali mgongoni niliposhikwa na surua. Kama hiyo si damu, basi sijui damu inafanya kazi gani. Kwa hiyo shuleni, miaka ya sitini, mwalimu alipotufundisha kuwa Watanzania ni ndugu, alikuwa ananieleza mambo ya nyumbani.

Wanangu huniita mhafidhina, na nimezeeka vya kutosha kulikubali jina hilo bila kulipunguza makali. Naamini ndoa ni jambo la hadhara na kwamba anayesema ni jambo la watu wawili hajawahi kuugua. Naamini watoto wanastahili baba anayelala nyumbani. Naamini pia kwamba mapenzi ya nchi hujifunzwa kwanza kwa watu ambao hukuwachagua: shemeji mkorofi, mama mkwe anayeonja mboga yako na kunyamaza, jirani ambaye kuku wake wanamaliza mchicha wako. Asiyeweza kuwavumilia hao, uzalendo wake naupokea kwa mashaka hata akiwa amejifunga bendera kiunoni.

Watu wengine nisiowachagua nilikutana nao kwenye kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, mkoani Pwani mwaka 1975, nikiwa nimemaliza kidato cha sita. Wakati huo hakuna aliyelalamika kwa sauti. Tuliijua hadithi ya Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga kwenda huko, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne, na akiwa bado na hasira akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu hukumbuka kufukuzwa; mimi hukumbuka zaidi huo mshahara. Mzazi anayemchapa mtoto kwa ulafi huku yeye anatafuna nyama ya peke yake hana cha kufundisha.

Kambini tulikuwa kuruta wa kila namna. Hanga letu lilikuwa na binti wa mkurugenzi wa shirika la umma aliyekuwa hajawahi kushika jembe, na binti wa Kisukuma aliyelima akiimba mpaka tukamchukia. Kombania nzima iliadhibiwa kwa kitanda kimoja kisichotandikwa. Mara ya kwanza nilidhani ni uonevu, na pengine ulikuwa uonevu. Lakini baada ya muda kila mmoja wetu aliamka mapema kumtandikia mwenzake mgonjwa, bila kuambiwa, na yule binti wa mkurugenzi ndiye aliyekuwa wa kwanza. Sitaki kuipamba picha. Palikuwa na matusi ambayo nisingependa mjukuu wangu wa kike atukanwe, na palikuwa na maafande waliofikiri cheo ni ruhusa ya kila kitu. JKT ya lazima ilisimamishwa 1994, ikarudishwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, na iliporudi nilifurahi, nikasema pia kwenye mkutano wa wazazi kwamba wasichana wasimamiwe na wanawake wenye umri na heshima zao. Baadhi ya wazazi walinitazama kana kwamba nimechagua pande mbili. Nilichagua moja. Anayetaka kulinda jambo la zamani awe wa kwanza kulisafisha.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, tulikuwa tumezunguka redio ya Baba, na siku Mwalimu alipotangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, Kaka alinyanyuka kabla hotuba haijaisha akaenda kumwaga maji ya kuoga. Mama alijua hapohapo. Mke wake, wifi yangu, alikuwa mjamzito.

Ninachotaka kusimulia juu ya vita hivyo hakimo kwenye gwaride. Kaka aliondoka, na nyumba yake ikaingia mikononi mwa ukoo ule wa kuazima. Yule nyapara, sasa mzee asiyeona vizuri, alihamishia kitanda chake kwenye ukumbi wa wifi ili pasiseme mtu kwamba nyumba haina mwanamume. Mke wa balozi wa nyumba kumi alileta kuni. Mama alimzalisha wifi pamoja na mkunga, na mtoto akapewa jina la babu yule Mnyamwezi, ambalo mpaka leo linawachanganya makarani wa vitambulisho. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kaka alirudi baadaye sana, akiwa amenyamaza. Alikuwa anaamka usiku na kukaa mlangoni. Serikali ilimpa bunduki, ikaichukua tena bunduki yake, ikamshukuru. Hiyo ndiyo kazi inayoweza kufanywa na serikali. Kukaa naye pale mlangoni ilikuwa kazi ya mke, na aliifanya kwa miaka bila kumweleza mtu yeyote nje ya sisi. Wenzake kadhaa wamelala Kaboya, kule Muleba, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alizima redio na kwenda shamba. Mpwa mmoja aliwahi kumwambia huo si uzalendo. Wifi alimtoa nje kwa fagio, na sote tukaona sawa.

Mwaka 1980 nikaolewa, na nchi ilikuwa imefunga mkanda. Mwalimu alituomba miezi kumi na minane. Mkanda wenyewe ukabana kwa muda mrefu zaidi. Sabuni ilikuwa ya foleni, unga ulikuwa wa yanga, yaani mahindi ya njano, kanga mpya ilisikika kwa majina tu. Sukari ya harusi ilitolewa kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kuandika barua, kuipitisha kwa balozi, kuipeleka kwa katibu, kisha kwenda duka la kaya na kuambiwa sukari imekwisha jana. Nilivaa shela ya kuazima ambayo ilikuwa imevaliwa na mabibi harusi wengine wa Korogwe kabla yangu, na mwenye shela alisimama nyuma yangu siku nzima akiilinda isiburutwe. Chai ilinywewa kwa zamu kwa sababu vikombe havikutosha. Mume wangu, karani wa reli mwenyeji wa Lushoto, alikuja na ndugu zake wakiwa wamebeba viazi na karoti, mahari ya ajabu kidogo lakini iliyoliwa mpaka ikaisha.

Sisemi umaskini ni mzuri. Nimesikia wazee wenzangu wakiisifu foleni ya sabuni kana kwamba ilikuwa ibada, na huwa nawakumbusha walivyonuka. Nasema tu kwamba harusi ile ilikuwa na kila mtu aliyestahili kuwapo, na hakuna aliyelipa kiingilio.

Sasa tuna kamati. Kijana akitaka kuoa, kabla hajampeleka mshenga anaunda kundi kwenye simu, anachagua mwenyekiti, mweka hazina na msemaji, na anatuma kadi za mchango: singo bei yake, dabo bei yake. Anayechanga chini ya kiwango haalikwi. Kuna sendofu, kuna kitchen pati, kuna harusi yenyewe, kuna ukumbi uliokodiwa kwa saa na mshereheshaji anayewataka wageni wapige makofi kwa keki. Nimekaa kwenye kamati hizo kwa sababu mwalimu mstaafu kama mimi hawezi kukwepa. Kila bwana harusi ni mwanafunzi wake. Nimeona kiasi kilichotumika kwa usiku mmoja ambacho kingenunua kiwanja pembezoni mwa mji, na nimeona maharusi haohao wakirudi kwa mweka hazina mwezi uliofuata kukopa kodi ya nyumba. Jambo linalonikera zaidi limo kwenye orodha ya wageni. Yule jirani wa kichochoroni, ambaye ndiye atakayesikia kelele za ugomvi, hayumo kwa kuwa hana mchango. Bosi wa idara, ambaye hatajua hata nyumba yao iko wapi, amekaa meza ya mbele. Ushahidi umeuzwa kwa asiye na haja nao.

Niliijua ndoa kwa upande wake mwingine nilipokaa kwenye baraza la usuluhishi la kata yetu. Sheria ya Ndoa ilianza kutumika Mei 1971, miaka miwili baada ya Serikali kutoa waraka wake wa mapendekezo na kuwaachia wananchi waubishanie. Wazazi wangu walibishana kwa siku kadhaa juu ya mitala. Baba alishindwa. Watu wengi wanadhani sheria ile ni ya kisasa tupu. Mimi nilipoisoma kwa makini niliona ndani yake mikono ya wazee. Huwezi kwenda mahakamani kuomba talaka kabla ndoa haijafikisha miaka miwili, isipokuwa kwa ruhusa maalumu ya mahakama. Hata baada ya hapo, kwa kawaida, lazima kwanza mpite mbele ya baraza la usuluhishi, mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Maana yake ni kwamba sheria inamlazimisha mtu mwenye hasira akae kwenye benchi na kusikilizwa na watu wa kata yake. Swali la babu yangu limeandikwa kwa maneno ya wanasheria.

Tulikutana katika ofisi ya mtendaji, chumba chenye feni isiyozunguka. Wengi walikuja na jambo dogo lililolala sana. Simu yenye nywila. Mshahara unaofichwa. Mama mkwe aliyekuja kwa wiki mbili na sasa anapanda maua. Niligundua kwamba swali la maana zaidi halikuwa "mmegombana nini" na badala yake niliuliza: nani alijua? Wale ambao jibu lao lilikuwa shangazi, mshenga, kungwi, imamu au mchungaji, mara nyingi walikuwa na kamba ya kushika. Wale ambao jibu lao lilikuwa "hakuna, haya ni mambo yetu ya ndani," walikuwa wamefika mbali, na kila mmoja ameshamsimulia mtu asiyemjua mwenzake. Nakumbuka vijana wawili, mume fundi wa magari, mke ana genge la mboga. Hawakuwa na hata mtu mmoja aliyejua. Wazazi walikufa, harusi ilifungwa bomani kwa haraka, mashahidi walikuwa wapita njia. Tuliahirisha shauri na kuwaagiza warudi kila mmoja na mtu mzima anayemheshimu. Mwanamume alimleta bosi wake wa gereji, mwanamke akamleta mama mwenye nyumba. Hao wawili, ambao hawakuwa wameonana kabla ya hapo, walielewana kuliko wenye ndoa, na mpaka ninastaafu baraza walikuwa bado wanawaita vijana wale Jumapili kula pamoja. Ndoa ikapona. Siku nyingine haikupona, na hilo nalo nitalisema.

Alikuja mwanamume mmoja mwenye kofia safi na maneno ya kunukuu. Alikuwa amemvunja mke wake mkono. Alitueleza kuwa yeye ni mtu wa mila, kwamba wanawake wa siku hizi wameharibiwa na semina, na kwamba mwenzake mhafidhina kama mimi lazima nimwelewe. Nilifungua kifungu cha 66, kinachosema hakuna mwenye ndoa, awe mume au mke, aliye na haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, nikamsomea polepole. Akasema hiyo ni sheria ya serikali, siyo mila. Nikamuuliza mila ya wapi. Kwetu mume aliyempiga mke mpaka akaumia aliitwa na wajomba wa mke, akatozwa mbuzi, na akakaa bila mke mpaka watakapotaka wao. Yule bwana alikuwa amechukua nusu ya mila iliyompa kiti na kuiacha nusu iliyomwekea mjomba mlangoni. Tuliandika kwamba tumeshindwa kuwapatanisha, na niliiandika karatasi ile kwa mkono usiotetemeka. Ndoa ambayo mtu mmoja ndani yake anahofia uhai wake haihitaji msuluhishi. Inahitaji mlango.

Wahafidhina wa aina ile ndio wanaotuharibia. Wao hao walinuna mwaka 2016, Mahakama Kuu ilipokubaliana na mwanaharakati Rebeca Gyumi kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 aolewe, na hata wa 14 kwa idhini ya mahakama, huku mvulana akisubiri 18, vinapingana na Katiba. Walinuna tena Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilipoiunga mkono hukumu hiyo. Mimi nilifundisha wasichana wa umri huo Handeni. Niliwaona wakiondoka darasani Ijumaa na kutorudi Jumatatu. Mtu anayeiheshimu ndoa kweli hawezi kumkabidhi mtoto anayeruka kamba. Kama ndoa ni mzigo mkubwa kiasi tunachosema, basi abebeshwe mwenye mabega.

Vilevile nimepigana nao juu ya mali. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa ameshapewa fedha na kuzitapanya, lakini mlango aliufungua na wengine wakapita. Nilipolieleza hilo kwenye kikao kimoja cha kina mama, mwanamume aliyekuwa akisikiliza dirishani alisema sasa ndoa imekuwa biashara. Nilimjibu kwamba biashara ni kutumia kazi ya mtu miaka ishirini na kumlipa sifuri. Kina mama walipiga vigelegele, yeye akaondoka dirishani.

Uzalendo nao una watu wake wa nusu mila. Siku hizi neno hilo limekuwa fimbo. Mtu akiuliza fedha za kisima zimekwenda wapi, anaambiwa si mzalendo. Katika ukoo ninaoujua, mtu anayeaminika kuliko wote ni yule mjomba anayeinuka kwenye kikao na kumwambia mkubwa usoni kwamba amekula mali ya yatima. Anasema kwa adabu, akiwa mahali pake, hajaenda kuwasimulia wapita njia, na akishasema anabaki. Hatoki kwenye ukoo. Kubaki huko ndiko kunakompa haki ya kusema. Nimewafundisha wanafunzi wengi Elimu ya Siasa, na baadaye Uraia jina lilipobadilika, na kama kuna kitu ningependa wakumbuke ni huyo mjomba, kuliko tarehe zote nilizowakaririsha.

Sasa nije kwa mwanangu wa mwisho, maana yeye ndiye anayenifanya niandike haya badala ya kupalilia.

Anaishi Dar es Salaam, Kimara, na binti wa Kondoa mwenye adabu na akili, muuguzi. Wamekaa hivyo kwa miaka mitatu. Hajampeleka mtu kwao binti. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, kwa sababu nimemlea vizuri.

"Mama, shida iko wapi? Tunapendana, tunalipa kodi pamoja. Hata sheria inatutambua. Miaka miwili tu."

Kweli kuna kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa, kinachosema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi wakajulikana kuwa mke na mume, itadhaniwa kuwa wameoana. Vijana wote wa mjini wanakijua kifungu hicho kwa kusikia. Nilimwambia kwamba mimi nimekisoma.

"Dhana hiyo inaweza kukanushwa mahakamani, baba. Siku utakapomkasirikia, wakili wako ataikanusha. Na anayeishi kwa dhana ni yeye, si wewe."

"Siwezi kumfanyia hivyo."

"Najua. Lakini baba yake hajui. Hajawahi kukuona. Akilia usiku aende kwa nani? Kwangu mimi niko Korogwe na magoti haya?"

Alikaa kimya. Kisha akaleta hoja ambayo sikuitegemea, na nilimheshimu kwa hiyo. Alisema anaogopa gharama. Mahari ya Kondoa atailipa, si kubwa. Anaogopa kamati. Wenzake ofisini wamemchangisha kwa harusi zao miaka yote, na siku atakapotangaza atalazimika kuwarudishia ukumbi, keki na mshereheshaji, la sivyo ataonekana amekula michango ya watu. Kwa hiyo ameona heri asitangaze. Hebu fikiria: kijana wa Kiislamu, mwenye kazi, anamkalisha binti wa watu bila nikahi kwa sababu ya keki. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na usasa, na nikakuta sisi wazee, tuliokaa kwenye kamati hizo tukitia saini, ndio tuliomfungia mlango.

Tukakubaliana mambo. Mshenga atakuwa mtoto wa Kaka, yule mwenye jina la Kinyamwezi, kwa sababu anajua kuongea na wazee bila kujipendekeza. Watakwenda Kondoa wakiwa wachache, pamoja na dada mkuu wa wodi anakofanya kazi binti, na mwenye nyumba wao wa Kimara, ambaye kwa bahati ni mzee wa Kipare asiyependa mchezo. Hao ndio watakaoulizwa maswali. Nikahi itafungwa kwao binti, chakula kitapikwa na wanawake wa mtaa, na wenzake wa ofisini watapata taarifa baada ya mambo kwisha, pamoja na maandazi.

Mwanangu aliuliza kama angalau kadi za dabo zinaweza kuchapishwa chache, kwa ajili ya mabosi. Nilimwambia bosi atakayekubali kuamshwa saa nane za usiku aje bila kadi. Bado anamtafuta.